Vifaa vya jeshi vinachelewa, bei inapanda: anza kukagua wapi

Kwenye garaji yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, mimi ndiye ninayeandika devi, yaani makadirio ya bei ya kazi. Lori linaingia linatoa moshi mweusi, mwenyewe anataka kusikia bei kabla boneti haijafunguliwa. Nikitaja bei ya kweli ataondoka kwenda kwa jirani. Nikitaja ndogo ataacha funguo, kisha baada ya wiki mbili tutagombana. Nimeishi kati ya hizo bei mbili miaka mingi. Kwa hiyo mpwa wangu anayesoma fedha za leta, yaani za serikali, pale UNILU, chuo kikuu chetu, aliponiletea kazi yake kuhusu miradi ya silaha inayochelewa na kula pesa, sikuona ugeni wowote.

"Mjomba, ndege na meli za vita zinahusiana nini na malori ya mpakani Kasumbalesa?"

Nikamwambia avute kiti. Tuliyoandika jioni ile ndiyo haya, na tumeyapanga kama tunavyotafuta ubovu wa gari: mlio unatoka wapi, ulianza lini, nani wa mwisho kugusa. Mifano mingi ni ya Marekani na Ulaya kwa sababu huko wakaguzi wanaandika na karatasi zao zinasomwa na yeyote. Usidhani huko ndiko wanakoharibu zaidi.

Kabla hujafungua boneti

Chora safu nne. Ya kwanza, bei iliyotajwa siku ya kwanza, pamoja na mwaka wake. Ya pili, idadi ya vifaa vilivyoagizwa. Ya tatu, tarehe ya kupokea. Ya nne niliiongeza mimi, mpwa wangu hakuwa nayo: vipuri, yaani piesi, pamoja na risasi na mafunzo, na nani anavilipia. Kila tangazo jipya likitoka, jaza mstari mpya chini yake. Usifute wa zamani. Anayefuta mstari wa kwanza hataona ugonjwa kamwe.

Halafu toa kelele ya pesa yenyewe. Dola ya 2005 si dola ya leo. Na kwetu kuna mtego wa pili: bajeti ya leta inaandikwa kwa faranga, muuzaji anadai dola. Faranga ikishuka, mradi "umepanda bei" bila mtu kugusa mkataba. Hesabu hiyo iondoe kwanza, ndipo uanze kumtafuta mwenye kosa.

Dalili: bei imepanda na hakuna hata kimoja kilichotoka kiwandani

Hapa devi ya kwanza ina kasoro, na kasoro yenyewe ni moja kati ya mbili. Ama aliyekadiria hakufungua injini, ama alijua kilichomo akataja bei ya kumfanya mteja aache funguo. Kwa mbali zinafanana.

Ya kwanza itazame kwa India. Mwaka 2004 ilikubaliana na Urusi kuchukua meli ya zamani ya kubeba ndege, Admiral Gorshkov, ikarabatiwe na kugeuzwa kwa dola milioni 974, ifike 2008. Kiwanda cha Sevmash kilipoanza kubomoa kuta za ndani, nyaya za kubadilisha zikawa nyingi kupita kiasi kilichokadiriwa, na kazi nyingine zikaibuka nyuma ya hizo. Bei ikajadiliwa upya hadi dola bilioni 2.35. Mwaka 2012, kwenye majaribio ya baharini, boila zikaharibika kwa sababu ya kinga yake ya joto, meli ikarudi kiwandani. Ilikabidhiwa Novemba 2013 ikiitwa INS Vikramaditya. Nani asiyeijua hadithi hii? Unanunua gari kuukuu kwa bei nzuri, unasema "nitabadilisha pampu tu", ukifungua unakuta hata waya za taa zimeliwa na panya.

Ukitaka kujua kama ni hili, angalia kilichovimba. Kikiwa ni kitu ambacho hakikuorodheshwa kabisa, basi mkadiriaji alitazama nje tu. Mradi wa makombora wa Sentinel wa Marekani unaonyesha hivyo. Makadirio ya 2020 yalikuwa dola bilioni 77.7, na kufikia Julai 2024 yalikuwa bilioni 140.9, ongezeko la asilimia 81. Sehemu kubwa ya ongezeko haikutoka kwenye kombora lenyewe. Ilitoka kwenye mashimo ya kurushia, vituo vya kuongozea na nyaya zinazoviunganisha. Watu walilipenda kombora, wakasahau shimo lake.

Ya pili, ile bei ya kuachisha funguo, haina jambo moja lililosahaulika. Kila kitu kimepanda kidogo kidogo, na kila ongezeko lina barua yake nzuri. Injini ikishashushwa chini, mteja hawezi tena kuondoka nayo mgongoni, atalipa. Leta nayo ni vilevile: viwanda vimeshaajiri watu, mbunge ameshawaahidi watu wa kwao kazi, nani atafunga mlango? Dawa ni makadirio ya mtu ambaye haishi kwa mradi huo, na kengele inayolia bila kuombwa. Wamarekani wana sheria ya Nunn-McCurdy, ya tangu miaka ya themanini: gharama ya kifaa kimoja ikipita makadirio ya sasa kwa asilimia 15, au ya awali kwa asilimia 30, Bunge lazima liarifiwe. Ikipita asilimia 25 ya sasa au 50 ya awali, mradi unahesabiwa kufa mpaka wizara ya ulinzi ithibitishe kwa maandishi kwamba unastahili kuishi. Sentinel iligonga kengele hiyo Januari 2024, ikathibitishwa miezi sita baadaye. Mimi naona kengele hiyo inalia zaidi ya inavyouma, lakini angalau watu wanaisikia.

Dalili: chuma kinakatwa, michoro haijaisha

Ukiona picha ya waziri anazindua ujenzi, uliza swali moja: siku ile michoro ilikuwa imekamilika kwa asilimia ngapi? Usikubali jibu la "ilikuwa inaendelea vizuri."

Marekani ilitaka meli za kivita za kusindikiza za daraja la Constellation. Ili kuokoa muda walichukua muundo wa Ulaya uitwao FREMM, ambao tayari ulikuwa unaelea, na mkataba ukasainiwa 2020. Mwanzoni walisema meli mpya itafanana na ile ya Ulaya kwa asilimia 85. Kila ofisi ikaomba chake, kufanana kukashuka chini ya asilimia 15. Ujenzi ukaanza 2022 na michoro bado inabadilika. Kufikia 2024, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, iliandika kwamba meli ya kwanza imechelewa kwa miezi 36 na uzito umezidi. Novemba 2025 jeshi la majini likatangaza kuuacha mradi, libaki na zile mbili za kwanza.

Ndege ya kivita ya F-35, ya Marekani hiyohiyo, nayo ilijengwa huku inajaribiwa. Ndege zinatoka kiwandani, majaribio yanafichua kosa, zilizokwisha kutoka zinarudishwa kurekebishwa. Kuanzia Julai 2023, kwa mwaka mzima hivi, jeshi lilikataa kupokea ndege zenye kompyuta mpya kwa kuwa programu yake haikuwa tayari. Ndege zilikuwa zimekamilika kwa macho. Ziliegeshwa.

Yeyote aliyejenga nyumba Lubumbashi anajua. Ukuta umefika kwenye linta, mama wa nyumba anasema dirisha la jikoni lihamie upande wa upepo. Ombi ni la haki kabisa. Fundi anabomoa, na matofali yaliyovunjika hayarudi dukani.

Dalili: kipya hakikai kwenye cha zamani

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeishika kwa mikono.

Mteja alileta lori la zamani na kabini nzima iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka, aina ileile, karibu mwaka uleule. Kazi ya siku mbili, nikaandika devi ya siku mbili. Kabini ikashushwa kwa mnyororo, bolti mbili za mbele zikaingia, mbili za nyuma zikagoma. Vijana wakaanza kutafuta nyundo. Mzee wetu wa kuchomelea akawazuia. Akachukua uzi wa mwashi na chaki, akapima shasi kwa mshazari, kona hadi kona, kisha mshazari wa pili. Tofauti ilikuwa vidole vitatu. Akalala chini, akakwangua rangi kwa bisibisi upande wa kushoto, ukatokea mshono wa zamani, mnene kama kovu. Lile lori liliwahi kukatika na likaunganishwa na mtu mwenye haraka. Kazi ya siku mbili ikachukua wiki tatu. Mteja hakukubali kwamba kosa lilikuwa la lori lake, na hadi leo akipita hanisalimii.

Sasa chukua uzi ule uupeleke Uingereza. Mwaka 1996 waliagiza ndege 21 za doria ya baharini, Nimrod MRA4. Mpango ulikuwa kuchukua viwiliwili vya Nimrod za zamani na kuvifunga mabawa na injini mpya. Mabawa yakachongwa kwa vipimo sahihi vya kisasa. Viwiliwili vilikuwa vimejengwa miaka ya sitini kwa mikono, na hakuna viwili vilivyolingana. Idadi ikashuka kutoka 21 hadi 9. Oktoba 2010, baada ya zaidi ya pauni bilioni 3, mradi ukafutwa, na miezi michache baadaye ndege zikakatwakatwa.

Kwa hiyo mahali popote utakaposoma "kuboresha", "kuongezea maisha" au "kutumia kilichopo ili kupunguza gharama", tafuta kama kuna mtu aliyepima kila kimoja. Kupima sampuli moja hakutoshi. Vifaru kumi vilivyotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, vikishapita miaka thelathini kwenye mikono ya mafundi tofauti, ni vifaru kumi vya aina kumi.

Dalili: kimefika, kinang'aa, hakitembei

Hii ndiyo inayotuuma sisi wa Afrika, na inahitaji kupimwa kwa utaratibu.

Anza na ruhusa. Uingereza ilinunua helikopta nane za Chinook Mk3, ziliagizwa 1995 na kupokewa 2001, kwa pauni milioni 259. Zilikuwa na kompyuta mpya za rubani, lakini mkataba haukuwapa wanunuzi haki ya kuiona programu kwa kina ili wathibitishe usalama wake. Zikaruhusiwa kuruka mchana mweupe tu, rubani akiiona ardhi. Zikakaa kwenye mabanda ya ndege miaka, na mwishowe ilibidi vifaa vya kisasa vivuliwe virudishwe vya toleo la zamani. Sentensi moja iliyokosekana kwenye mkataba!

Kama ruhusa ipo, uliza wanaokitumia. Magari ya kivita ya Ajax, ya Uingereza hiyohiyo, mkataba wa 2014, magari 589 kwa pauni bilioni 5.5, yalitakiwa kuanza kazi 2017. Yakaonekana yana kelele na mtikisiko kiasi kwamba mamia ya askari waliitwa kupimwa masikio na viungo. Uchunguzi ulionyesha kwamba malalamiko yalikuwepo mapema, yakakwama katikati kabla ya kufika kwa wakubwa. Dereva ndiye wa kwanza kusikia mlio, na ndiye wa mwisho kuulizwa.

Halafu tazama sehemu ndogo isiyopigwa picha. Meli ya Marekani ya kubeba ndege, USS Gerald R. Ford, ya dola zaidi ya bilioni 13, ilizinduliwa rasmi Julai 2017. Ina lifti 11 za kupandisha mabomu hadi juu kwenye ndege. Ya mwisho ilikamilika Desemba 2021. Meli ya kivita bila lifti ya mabomu ni hoteli yenye uwanja wa ndege.

Mwisho, safu ya nne. Je, piesi na risasi zimo kwenye bei? Ujerumani, Desemba 2022, walipeleka magari 18 ya kivita ya Puma kwenye mazoezi, na hadi mwisho yote 18 yalikuwa yameharibika. Makosa mengi yalikuwa madogo. Madogo, sawa, lakini gari lenye kosa dogo lisilo na piesi limesimama sawa na lenye kosa kubwa. Hili huhitaji kumfundisha mtu wa Lubumbashi: tuna mashine ngapi za migodini zilizolala kwa kukosa sili ya mafuta?

Dalili: jumla imebaki palepale, lakini kimoja kimekuwa ghali mno

Tazama safu ya pili. Idadi imepunguzwa.

Kubuni kifaa kunagharimu kilekile ukitengeneza vitatu au thelathini. Tuseme kubuni kumekula bilioni 9. Vifaa 30 vinabeba milioni 300 kila kimoja. Vifaa 3 vinabeba bilioni 3 kila kimoja. Bunge linaona bei ya kimoja, linashtuka, linapunguza tena. Meli za Zumwalt za Marekani zilipangwa 32, zikajengwa 3. Na hapo tazama inavyoambukiza: mzinga wake ulikuwa na risasi maalumu, na meli zilivyopungua, risasi moja ikafika takriban dola 800,000. Mwaka 2016 waliacha kuinunua, mizinga ikabaki bila chakula.

Dalili: kila mkubwa ana tarehe yake

Wanunuzi wengi, kila mmoja na kiwanda chake cha kulisha. Ndege ya mizigo ya A400M ilisainiwa 2003 na nchi saba za Ulaya, ndege 180 kwa takriban euro bilioni 20, na za kwanza zilitakiwa kufika 2009. Injini, kwa shinikizo la wanasiasa, ilipewa muungano wa kampuni za Ulaya zilizokuwa hazijawahi kuitengeneza ya namna hiyo pamoja. Programu ya kuiongoza ikachelewa. Ndege iliruka mara ya kwanza Desemba 2009, nchi zikaongeza bilioni 3.5 mwaka uliofuata, idadi ikashuka hadi 170, na Ufaransa ikapokea ya kwanza 2013. Kwenye mikataba ya namna hii usiulize nani anaongoza. Uliza nani ana uwezo wa kukataa, na wako wangapi.

Ndogondogo za kukagua haraka

Tarakimu. Hispania mwaka 2013 iligundua kwamba nyambizi yake ya S-80 imezidi uzito kwa makumi ya tani, na aliyekuwa ofisa wa ulinzi akasema koma iliwekwa mahali pasipo pake. Wakairefusha ili ielee, kisha ikawa ndefu kuliko gati lake la Cartagena. Ya kwanza ilikabidhiwa Novemba 2023. Sisi tunaoandika koma kwa Kifaransa na kusoma nukta kwenye karatasi za Kiingereza, tusicheke sana.

Mfuko wa mtengenezaji. Afrika Kusini iliagiza magari ya kivita ya Badger kutoka kampuni ya Denel, mradi ulioanza 2007. Kampuni ikafika mahali pa kushindwa kulipa mishahara kamili. Mafundi wazuri hawasubiri. Mradi wa aina hii ukiona wahandisi wanahama, usisubiri barua rasmi.

Barabara. Bei yako inaishia wapi: mlango wa kiwanda, bandari, au ghala la jeshi? Kitu cha kuja Lubumbashi kinapita Dar es Salaam, Durban au Beira, kisha kinakutana na foleni ya Kasumbalesa. Kila siku kontena inapolala kuna anayelipishwa. Mkataba usipomtaja, ni mnunuzi.

Dalili ya kudanganya: "bei yetu haibadiliki"

Watu wengi wanadhani mkataba wa bei isiyobadilika unatibu yote. Boeing ilisaini mkataba wa namna hiyo 2011 kuijengea Marekani ndege za kujaza mafuta angani, KC-46. Gharama zilizozidi, zaidi ya dola bilioni 7, zimebebwa na kampuni yenyewe. Mfuko wa leta ukapona hapo. Lakini ndege 18 zilizotakiwa kuwa tayari 2017 hazikuwa tayari, ya kwanza ilipokewa Januari 2019, tena ikiwa na kasoro kwenye kamera za kuongozea bomba. Nimewahi kufunga bei nami. Nilipoona nimepata hasara, lori la mteja yule ndilo nililoligusa mwisho kila asubuhi. Sijivunii.

Wakikuambia ni siri

Kuna siri ya kweli. Rada inaona hadi wapi, kombora linafika wapi, hayo hayakuhusu wala hayanihusu. Lakini tarehe ya kupokea malori, idadi ya magurudumu, na nani aliyelipwa avansi, yaani malipo ya awali, hayo adui anayahesabu kwa macho barabarani. Ukinyimwa hayo, andika kwenye karatasi yako kwamba umenyimwa, na andika tarehe. Mahakama ya Hesabu na wakaguzi wa fedha wa IGF wana mlango ambao wewe huna. Swali lako likiwa na safu nne na tarehe, wana pa kuanzia. Likiwa ni "pesa zimeliwa", hawana.

Mpwa wangu alikunja karatasi yake usiku umeingia, umeme umekatika, tunaangaziana kwa simu. Bei alikuwa nayo, idadi alikuwa nayo, tarehe mbili zinazopingana alikuwa nazo. Safu ya nne ilikuwa nyeupe kuanzia juu hadi chini.

"Hii niiache, mjomba?"

Nikamwambia kesho aanzie hapo.